Mlinzi wa Njaa ya Serikali

Baada ya miaka ishirini na saba na miezi mitano ya kuhakikisha kwamba nusu ekari ya udongo haipati chakula, Mzee Siraji Ramadhani alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 15 Agosti 2025. Ameondoka katika kituo chetu cha mbegu hapa Ayivu akiwa na barua ya shukrani, fahali mmoja na magunia saba ya udongo. Habari ya magunia itafuata, na aibu yake ni yangu.

Aliajiriwa Machi 1998 kuwa mpaliliaji. Wiki ya kwanza alionyeshwa Kitalu Namba Tatu na kupewa masharti: ardhi hii isitiwe mbolea ya dukani wala samadi, isipandwe maharage, na mahindi yakivunwa, mabua yote yaondolewe. Alirudi nyumbani akiamini amefanyiwa mzaha. Majirani wetu waliamini hivyo kwa miaka sita, na mama mmoja mwenye huruma alikuwa akitupa kinyesi cha kuku ndani kupitia juu ya ua kila Jumapili akitoka kanisani, mpaka Mzee Siraji alipokwenda kumwomba kwa heshima zote aache wema wake.

Haukuwa mzaha. Naitrojeni, iliyomo katika mbolea, samadi na mkojo, na ambayo maharage huiongeza udongoni, ndiyo inayolipa jani ukijani na punje uzito. Ukitaka kujua kama mahindi ya leo yanaitumia vizuri kuliko mahindi ya zamani, yapande yote bega kwa bega mahali ambapo haitoshi. Mahindi yaliyoshiba hayakuambii kitu. Ni sawa na kupima uvumilivu wa mtu aliyetoka harusini.

Basi Mzee Siraji akawa mlinzi wa njaa. Mbuzi akipita, aliokota vinyesi kimoja kimoja kwa kijiko cha chai. Alichora kibao mwenyewe, ambacho kipo hadi leo: HAPA IKO NJAA YA SERIKALI. MUTU ASIKOJOE. Choo kilijengwa hatua mia tatu na kumi kutoka kitaluni, na yeye mwenyewe alizihesabu. Mwaka 2016 alipopata ugonjwa wa sukari, ambao haumpi mtu muda wa kutafakari, bado alizitembea hatua zote hizo, siku nyingine mara tisa. Mimi nikimwona akipita mbele ya stoo nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe.

Huwezi kumtaja bila kumtaja Kasimiro. Mwaka 2009 Kasimiro, dereva wa boda anayengoja abiria getini kwetu, alikuwa na tabia ya kujificha nyuma ya mstari wa nne wa mahindi kila siku ya soko. Mzee Siraji alipomkamata hakugombana naye. Alisimika vijiti vinne kuzunguka mahali pale na kuandika kwenye ramani ya kitalu, kwa wino: Kasimiro. Ramani ilikwenda pamoja na takwimu za msimu. Miezi minne baadaye mtafiti mmoja wa ng'ambo alituandikia akiomba kilo mbili za mbegu ya Kasimiro, ambayo bila mbolea yoyote ilikuwa imeshinda mbegu zote na kubaki kijani hadi mavuno. Mkuu wetu, Daktari Faridah, alitumia wiki tatu kutafuta maneno ya kumjibu. Kasimiro naye aliposikia, alikuja ofisini kuuliza kama kuna ajira.

Tukiacha kicheko, kitalu kile kimetupa majibu. Mbegu za zamani hugeuka manjano mapema kwenye njaa. Zikishatoa maua, zinakata tamaa. Mbegu mpya, ambazo nyingi zilichaguliwa katika mashamba yaliyonona, zimetushangaza kwa kustahimili hata pasipo na kitu: mizizi inaendelea kutafuta, majani yanakaa kijani mpaka gunzi lijae. Lakini kila kitu kina gharama yake. Naitrojeni ile ile kidogo inagawanywa kwa punje nyingi zaidi, na kila punje inabaki na protini pungufu. Bi Kaltumu, dada yake Mzee Siraji anayelima Dranya na ambaye hajawahi kununua mbolea maishani, aliligundua hilo kabla ya maabara. Alituambia hivi kuhusu ugali wake: “Hii mupya iko mingi, lakini posho ya zamani ilikuwa inakaa kwa tumbo.” Daktari Faridah aliliandika neno lake kwenye ripoti.

Msimu mmoja tu ulikuwa umebaki ili ulinganisho wote ukamilike, na ulipaswa kupandwa Jumatatu baada ya sherehe. Hapo ndipo nilipoingia mimi, Prossy wa stoo, mwenyekiti wa kamati ya kuagana.

Desturi yetu mstaafu hupewa fahali akiwa hai, mbele ya wageni. Fahali alifika kutoka Koboko saa nne asubuhi. Mzee Siraji alikuwa amekwenda kujiandaa kwa swala ya Ijumaa, mahema yalikuwa yamejaza uwanja, na mimi nikaona sehemu moja tupu, safi, isiyo na hata jani. Nikasema afungwe pale. Akanywa ndoo mbili za maji, nilizompelekea kwa mikono yangu.

Saa nane Mzee Siraji alirudi kutoka msikitini akiwa na kanzu nyeupe. Alisimama ukingoni mwa Kitalu Namba Tatu. Aliniuliza kwa sauti ndogo, “Prossy, hii ng'ombe iko hapa tangu saa ngapi?” Ingawa Agosti yetu ina mvua, siku ile jua lilikuwa kali na udongo ulikuwa umekauka juu, madoa ya mkojo wa fahali hayakuonekana. Akapiga magoti akaanza kunusa ardhi. Daktari Faridah akavua viatu akapiga magoti kando yake. Mgeni rasmi akafuata, na tai yake shingoni, kisha kwaya. Kasimiro, aliyealikwa kwa heshima, alisimama mbali huku mikono ikionekana.

Tulichimba hadi saa kumi, kina cha dhiraa moja, tukajaza magunia saba. Shimo tulilifukia kwa udongo wa ukingo wa kitalu kile kile, ambao umelala njaa vilevile. Jumatatu tulipanda. Kazi yake imeokoka.

Alipoulizwa kwenye hotuba kama ana ombi, Mzee Siraji, kanzu ikiwa nyekundu kwa udongo hadi magotini, aliyatazama yale magunia. Alisema, “Hii udongo mimi nilinyima chakula miaka ishirini na saba. Kila msimu naomba yeye msamaha. Hii kidogo imekula. Muniachie niende nayo.” Nami nililia mbele ya wageni wote.

Magunia yalipanda gari moja na fahali. Yako Dranya sasa, nyumbani kwao, nyuma ya nyumba ya Bi Kaltumu, na tayari yamepandwa mahindi ya zamani.

Mzee Siraji, asante. Kitalu tumekipokea na njaa yake tutailinda. Tunakuombea siha, usingizi na mavuno yasiyopimwa na mtu. Na ukibanwa huko nyumbani, usihesabu tena hatua mia tatu na kumi. Shamba ni lako, na lina njaa.