Kumuaga Mzee Swalihu wa Chumba cha Sumaku

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu. Madaktari, wauguzi na wataalamu wa vipimo. Viongozi wetu wa dini. Wazazi wenzangu mliotoka Miyuji, Mpwapwa na kwingineko. Na wewe Mzee Swalihu, mwenye sherehe hii ya kustaafu, pamoja na familia yako: shikamooni wakubwa zangu, na kwenu nyote, kwa salamu yetu ya Kigogo, mbukwenyi!

Mimi ni Mama Ruthu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na kichanga changu mnachokiona mikononi mwa jirani yangu Penina hakijaniruhusu kulala. Mkiniona napiga miayo, si dharau. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wazazi, nami nimekubali kwa kuwa nina shukrani, na tena nina ombi ambalo sitaki limezwe na pilau.

Mwaka juzi binti yangu Ruthu alikuwa akiumwa kichwa mpaka anajikunja. Mtoto wa chekechea, presha yake iko juu kama ya mzee, na figo zake zimeanza kuchoka. Daktari alihisi mshipa unaopeleka damu kwenye figo umebana mahali. Lakini ni wapi? Fundi gani atazibua bomba asipojua lilikoziba?

Picha ya MRI, ile mashine ya sumaku, ingeonyesha. Ila mshipa unahitaji dawa ya kuung'arisha ili usipotelee kwenye nyama, na dawa iliyozoeleka hutoka mwilini kwa kupitia figo, hizo hizo zilizochoka. Daktari akasema ipo nyingine, ya oksidi ya chuma. Aliziita chembe za nano: vipande vidogo kiasi kwamba ukivilinganisha na punje ya uwele, punje ni mlima. Vinaelea ndani ya damu, sumaku ya mashine inavihisi, mshipa unaonekana. Vikimaliza kazi, ini linavipokea, na mwili unakitumia chuma hicho kama unavyotumia chuma cha mlenda, bila kuzisumbua figo.

Nikakubali, na tungemaliza siku ile ile kama si bangili.

Mnajua chumba cha sumaku hakiingii chuma. Ruthu alikuwa na bangili ya chuma aliyovalishwa na Bibi Raheli, mama mkwe wangu wa Mpwapwa. Nyumbani kwetu, aliyeivalisha ndiye anayeivua, mwingine haigusi. Tena ilikuwa imeshambana mkono. Mtu mmoja akaja na koleo. “Tukate tu, dada, ni chuma tu hiki.” Nikasimama mbele ya mwanangu.

Hapo ndipo Mzee Swalihu, mpiga picha wa chumba hicho, alipotoka ndani. Hakunifokea. Akaniuliza, “Nani aliivalisha?”

“Bibi yake, yuko Mpwapwa.”

Akaenda kumuuliza daktari kama mtoto anaweza kungoja hadi kesho. Akarudi, akasema, “Basi tumngoje bibi. Mpigie simu.”

Bibi Raheli akafika kesho yake kwa basi la kwanza. Akaelezwa yote. Akamgeukia Mzee Swalihu mbele ya watu:

“Wewe baba, mnamvua chuma mkononi kwa kuwa ni hatari, halafu mnamtia chuma kwenye damu. Mnatuona mbuzi?”

Watu wakaangua kicheko. Mzee Swalihu hakucheka. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

“Umeuliza vizuri, mama. Bangili ni kipande kikubwa. Sumaku itaivuta, itamuumiza mtoto, na picha itaharibika. Hizi chembe ni ndogo mno, zimetawanyika kwenye damu yote. Sumaku haiwezi kuzikokota. Inazihisi tu.”

“Na chuma si kinaota kutu?”

“Sikufichi, mama, hizi zenyewe ni za ukoo wa kutu. Lakini zimevishwa koti la sukari zisigombane na damu.”

“Kutu inavaa koti! Jembe langu mwaka wa ngapi linavaa tope tu.”

“Lilete nalo tulishonee.”

Hapo bibi mwenyewe akacheka. Kisha akakaza uso. “Na baya la dawa hii? Usiniambie halipo.”

“Lipo. Mmoja mmoja mwili wake huikataa. Ndiyo maana tutaitia polepole, na muuguzi hatabanduka.”

Bibi akaomba maji na sabuni. Akaitoa bangili taratibu, huku akimbembeleza mjukuu wake kwa Kigogo.

Picha ikatoka. Daktari akatuonyesha: damu imenyooka, nyeupe, kama barabara mpya ya Msalato, halafu pale, karibu na figo ya kushoto, imeminywa kama kiuno cha nyigu. Wakaupanua mshipa kwa puto dogo. Leo presha ya Ruthu imeshuka, anaruka kamba mpaka namwambia inatosha. Hayupo hapa kwa sababu yuko darasani, na mzazi aliyewahi kukaa wodini anajua utamu wa maneno hayo.

Ndugu zangu, dawa ilikuwepo na mashine ilikuwepo. Lakini kama bibi angefika akakuta bangili imekatwa, angembeba mjukuu wake wakarudi Mpwapwa, na mshipa ule ungeendelea kubana gizani. Namjua mama mkwe wangu! Mzee Swalihu, wengi watakusifu kwa picha nzuri. Mimi nakusifu kwa siku moja uliyotupa, na kwa kumwambia mwanamke mkulima ukweli wote, hata ule wa kutisha. Nenda kapumzike, baba. Mungu akuongezee afya.

Sasa ombi langu. Mshipa uliowahi kubana unaweza kubana tena. Mwezi ujao Ruthu anarudi kwa picha ya marudio, na Mzee hatakuwepo. Nitamuuliza nani? Naambiwa nafasi yake anaishika Dada Lydia. Dada Lydia, naomba usimame. Usiogope, sikugombezi.

Najua foleni ni ndefu, na hata wewe unachoka. Nami nachoka. Lakini mzazi akikuuliza swali ambalo wengine wanalicheka, na mwanawe yuko kitandani, utamjibu mpaka aelewe? Kabla ya sindano, siyo baadaye?

Sauti, dada, na wa nyuma wasikie.

Naam. Amesema, “Nitamjibu.” Mheshimiwa umemsikia, Mganga Mfawidhi umemsikia, na mimi mama nimemsikia. Kaa, mdogo wangu. Mwanangu nimekukabidhi.

Nimemaliza. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.