Historia ya Kaka Yetu, Mkaguzi wa Injini Aliyeziacha Ndege

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi leo, anayesimama mbele yenu ni dada yake marehemu, mdogo wake wa pekee, kwa kuwa kwao walizaliwa wawili tu, na maneno yote ya nyumba ile aliyachukua yeye, kaka yake akabaki na kimya.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1955, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa ghala, akiwa mtoto wa kwanza wa mlinzi na mshona nguo, na mama alipenda kusimulia kwamba hakulia hata kidogo, mkunga akamtandika kofi la pili, ndipo akatoa sauti ndogo, kwa shingo upande.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na ghala kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, na sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, ambako wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa pampu ya maji ya shule, aliyoifungua na kuifunga akabakiwa na nati moja mkononi, wenzake wakamsihi aitupe maana maji yalikuwa yanatoka vizuri tu, yeye akaibomoa pampu yote upya, shule nzima ikashinda bila maji na kumtukana. Kutoka hapo alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1976.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa kuwa fundi katika karakana ya injini za ndege, na tarehe 1 Julai 1988 akapandishwa kuwa mkaguzi, na kwa wasioijua kazi hiyo, mkaguzi ndiye anayekuja na tochi na kioo kidogo baada ya fundi kumaliza, akachungulia kila boliti, na asipotia saini injini haitoki, hata mkurugenzi apige kelele namna gani. Kazi hiyo ina masharti yake, na la kwanza ni kwamba mkaguzi hakagui kilichofungwa na mikono yake mwenyewe, wala na mikono ya ndugu yake wa damu.

Marehemu aliyashika masharti hayo, kisha akayaongezea ya kwake, akakataa kunywa chai na mafundi anaowakagua, akidai kwamba chai yao ina sukari nyingi mno, akakataa harusi zao na hata soda zao, akawa anakula mchana peke yake, amekaa juu ya sanduku tupu mlangoni mwa stoo ya matairi. Mafundi walimbatiza jina la Bwana Fungua, kwa kuwa ndilo neno walilolisikia zaidi kinywani mwake, na wengine wao wako hapa leo na wanacheka kwa siri, wacheke tu, hakuna ubaya.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke mcheshi, aliyekuwa akicheka kwa niaba ya wote wawili, na tarehe 3 Agosti 1986 wakajaliwa binti, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele. Wifi yetu alifariki tarehe 20 Oktoba 1995, binti akiwa na miaka tisa, na kaka yetu hakuoa tena, akamlea mwenyewe, akampikia, akamsuka nywele asubuhi kabla ya kazi, misuko ikitoka imelalia upande mmoja, majirani wakivunjika mbavu, na binti akakataa katakata kusukwa na mtu mwingine.

Binti huyo alisomea injini kama baba yake, na mwaka 2009 akafaulu usaili wa ufundi katika karakana ileile. Wiki hiyohiyo aliyoanza kazi, baba yake alihamia tawi la injini za meli, katika mji wa bandari, safari ya siku nzima kwa barabara, akiacha cheo cha juu na kwenda kuanzia chini, bila kuaga mtu. Binti aliingia siku ya kwanza na ovaroli mpya, akakuta kabati la baba yake liko wazi na tupu, na mafundi wakamtania kwamba mzee amemkimbia, wengine wakanong'ona kwamba ameharibu injini akafukuzwa kimyakimya. Alipompigia simu kumuuliza, baba alijibu kwamba huko meli zina upungufu wa watu, basi, akabadilisha mazungumzo.

Binti aliamini kwamba baba anamwonea haya, kwamba hakutaka kuonekana karakana moja naye, na jambo hilo lilimkaa rohoni miaka mingi, simu zikapungua hadi zikawa za salamu za sikukuu. Marehemu alikaa huko, akastaafu mwaka 2015, akaendelea kwa mkataba, akiishi chumba kimoja juu ya duka la kamba, chumba chenye kiti kimoja, kwa hiyo dada yake alipomtembelea mgeni alipewa kiti, mwenyeji akaketi kitandani, na alipoulizwa kwa nini hakuongeza kiti cha pili alisema hajaona wa kukikalia. Alikuwa mpweke, na familia haitalipamba neno hilo.

Mwaka 2020 alianza kuishiwa pumzi akishuka ngazi za vyumba vya injini, akausingizia uzee, na tarehe 18 Januari 2021 alilazwa, madaktari wakasema moyo umetanuka.

Tarehe 1 Februari 2021 binti yake alipandishwa kuwa mkaguzi, na mkuu wake mpya akamuuliza, kama wanavyoulizwa wote, iwapo ana ndugu wa damu miongoni mwa mafundi, kwa kuwa itabidi mmoja wao aondoke. Binti alijibu hana, akatoka nje, akalikumbuka lile kabati tupu la mwaka 2009. Siku hiyohiyo alikwenda nyumbani kwa mkuu wa zamani, mzee ambaye yupo nasi hapa, naye akamthibitishia kwamba mwaka 2009 mkaguzi wa injini alikuwa mmoja tu, uongozi uliamua kumnyima binti kazi, ndipo baba akaomba aondoke yeye, kwa sharti kwamba jambo hilo lisisemwe kamwe, ili asitokee mtu wa kusema mtoto amepewa nafasi na baba yake.

Binti alisafiri kesho yake. Marehemu alipomwona wodini alimuuliza kwanza kazi amemwachia nani, na alipoambiwa kwamba siri imejulikana alikiri kwamba hakujutia cheo wala mji, ila katika miaka yote hiyo alitamani kuiona injini moja tu iliyofungwa na binti yake. Wakapanga kwamba akipona ataletwa kuiona. Hakupona, alifariki tarehe 6 Machi 2021, alfajiri, binti akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inamshukuru mwenye duka la kamba aliyempelekea uji kila siku, na majirani wa pande zote mbili. Inawashukuru wafanyakazi wenzake waliomrudisha kwa ndege, ndege ambayo injini yake ya kushoto binti aliifunga mwezi Desemba, angali fundi, na ambayo siku ilipotumwa kumchukua, binti akiwa ametangulia kurudi karakana, ilikuwa zamu yake kuikagua, akakataa kutia saini kwa kuwa kazi ilikuwa ya mikono yake, akamwita mwenzake, akasimama pembeni na kungoja kama fundi mwingine yeyote.

Binti ameomba haya yote yasomwe kwa sauti mbele yenu mafundi, asubuhi hii, ili ijulikane kwamba baba yake hakuharibu injini wala hakumkimbia mtu, na anayetaka kusema kwamba nafasi ile alipewa na baba yake na aseme, kwa kuwa ni kweli.

Kaka, pumzika sasa kwa amani.