Saini Mbili za Nyumba ya Malvern

Sogeeni wanangu, Hina na Farhat, zimeni hiyo televisheni, na leo msinijibu kwa Kiingereza, maana pumzi niliyobakiza haitoshi kurudiarudia maneno.

Baba yenu Yusufali, Mungu amrehemu, aliusia kwamba nyumba yetu ya mtaa wa Malvern isiuzwe maadamu ningali hai, akatuteua wanawake wawili kusimamia mirathi yake, mimi na dada yake Batool, lisipite jambo bila saini zetu zote mbili. Mwanasheria mzee akatusomea neno refu la kizamani la msimamizi mwenza aliye mwanamke, utadhani jina la dawa ya minyoo, karani wake akacheka kwamba siku hizi haliandikwi tena. Lakini mimi niliyeishia darasa la nne Tanga kabla ya kuja huku ughaibuni nililipenda, nikaringa nalo msikitini mwezi mzima kama bibi harusi mwenye pete mpya. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Mnaijua desturi yetu, anayekwenda ziyara ya makaburi matukufu Karbala huomba radhi kwa kila mtu, maana huenda asirudi. Zamu yangu ya safari ilipofika, nikaenda kwa wifi Batool. Akanikumbatia, akalia hadi miwani ikaingia ukungu. "Na mimi niwie radhi, wifi, kwa unayoyajua na usiyoyajua." Nikamwia! Hapo hapo akaniletea karatasi tupu, eti nitie saini kabisa, paa likivuja nisipokuwepo asikwame. Mtu mliyetoka kuombana naye radhi sasa hivi utamwambiaje humwamini? Nikatia.

Niliporudi, ufunguo haukuzunguka. Aliyenifungulia ni Shamez, mwana wa Batool, miguuni kavaa ndara za marehemu baba yenu. "Karibu, Mami," ananiambia mimi mke wa mjomba wake, mlangoni kwangu mwenyewe! Mama yake kamuuzia nyumba kwa ile karatasi yangu tupu, na vitu vyangu vimeshaletwa huku kwenye fleti ya Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na mbili, ambako namsikia jirani Dorotea akimtukana mumewe kila asubuhi, na hilo, sikatai, limenifariji kidogo.

Lakini Batool siye aliyenimaliza. Jana nilimwambia Farhat anisomee zile karatasi za mauzo. Chini ya saini zetu yupo shahidi, aliyeapa kwamba aliniona kwa macho yake nikikubali kuuza. Usitazame dirisha, Hina. Nitazame mimi.

Najua, ngazi za Malvern zingeniangusha, huku kuna lifti. Ungeniambia usoni! Ningekutukana, ningesusa kula siku tatu, kisha tungezungumza. Miaka miwili nimewasimulia wanawake wenzangu uovu wa Batool, nawe umeketi pembeni unanimenyea machungwa.

Sasa shikeni. Dhahabu yangu na cherehani, na vyote vilivyomo humu, nawateua nyinyi wawili mvisimamie pamoja. Usishtuke, Hina. Farhat alinishauri nikutoe, mwone anavyoinama. Sikutoi. Nataka kila ukiinua kalamu mdogo wako awe ubavuni, akusomee kwanza kwa sauti. Na kamwe msitie saini karatasi tupu, hata mkiwa mmekumbatiana. Hasa mkiwa mmekumbatiana.

Batool nilimwia radhi kabla sijajua alichonitenda, basi hiyo haihesabiki. Akitaka nyingine aje, aitaje nyumba kwa mdomo wake, ningali nasikia. Akichelewa, awe miongoni mwa watakaoniosha, amimine maji huku akinitazama uso.

Farhat, niinue mto... hivyo. Hina, njoo. Sema ulichofanya. Kwa Kiswahili, polepole, usirukeruke... Mm. Endelea... Kwa hiyo uliogopa utanikuta chini ya ngazi, peke yangu, nimeshapoa... Haya. Nimesikia.

Radhi yangu unayo, mwanangu. Mungu awahifadhi nyote wawili, awape kizazi chema, asiwatenganishe... Shikaneni mikono... Lakini Hina... ungeniambia hivyo siku ile... ningetia saini mwenyewe.