Mzee Julius Mabonga, Mchimbaji wa Mashimo ya Wasirikwa

Kabla ya mengine, Wepukhulu, mdogo wake marehemu anayewasomea haya, anaungama mbele za Mungu na mbele yenu kwamba mwaka 2011, marehemu akiwa amelazwa, alileta trekta akafukia shimo la Wasirikwa, wale watu wa zamani, lililokuwa kwenye shamba lao la Moiben, akapanda mahindi, na marehemu aliporudi akasimama pale mahindini, naye Wepukhulu hakuomba msamaha.

Mzee Julius Mabonga alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kule Kimilili, akachunga ng'ombe wa baba yake, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1974 akaja Eldoret, akaandikwa na makumbusho kazi ya kuchimba mashimo hayo pamoja na wasomi. Alimuoa Mama Namalwa tarehe 9 Desemba 1978, wakabarikiwa Nanzala na Antony.

Mwaka 1984 msomi mmoja aliandika kwenye kibao cha makumbusho kwamba mashimo yalikuwa nyumba za watu, naye marehemu, aliyeshika ule udongo mweusi kwa mikono yake, akasema hii ni samadi, hapa palilala ng'ombe, akajibiwa, "Mabonga, wewe chimba tu, kuandika tuachie sisi." Wenzake wakamuita Profesa wa Mavi, akacheka nao, lakini nyumbani hakucheka, maana kila siku aliwasomea wanafunzi waliokuja makumbusho kile kibao kama kilivyo, na kwa mtu wa kanisa kusema uongo kila siku si jambo dogo.

Mwaka 2016 wasomi wengine walikuja kutafuta shimo la Moiben, wakakuta mahindi, wakaenda kuchimba Chepsaita, wakapima udongo, wakatangaza kwamba mashimo yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na jina la marehemu halimo kwenye ripoti yao. Kibao hakikuguswa, eti barua ya ruhusa kutoka Nairobi haijafika, na marehemu alienda kuuliza kila mwezi, hata baada ya kustaafu, hata alipokatwa mguu kwa sukari mwaka 2022. Aliuliza tena akiwa kitandani, Mama Namalwa akashindwa kumdanganya, na tarehe 9 Oktoba 2024 akatuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi hapa, na wafanyakazi wenzake waliomchimbia kaburi wenyewe.

Kaka, pumzika sasa, amani ya Bwana iwe nawe.

Na wewe Bwana Oyugi, mkuu wa makumbusho, kwa kuwa umekuja na umekaa hapo mbele, tunakuomba: Jumatatu ondoa kile kibao.