Mama Adero na Kiboko Asiyefika Muhoroni

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, Mama Rosebella Adero atastaafu baada ya miaka thelathini na tatu na miezi mitano katika gazeti letu la kila wiki, Upepo wa Ziwa. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu mimi, Griffins Otiato, mhariri wa kurasa za burudani, ndiye niliyekaa meza ya jirani naye kwa muda mrefu zaidi. Walioniomba walisisitiza niandike mazuri tu. Nitajitahidi, lakini ieleweke tangu mwanzo kwamba mama huyu amenitoa jasho.

Aliajiriwa Machi 1993 kusahihisha kurasa kabla hazijaenda mtamboni, na hakukawia kupewa kalamu ya kuandika. Tangu hapo amekuwa na kanuni moja: haandiki habari ya kitu ambacho hajakiona mpaka mwisho wake. Ukisikia hivyo unapendezwa. Jaribu basi kufanya naye kazi siku ya kufunga gazeti.

Mwaka 1998 alitumwa Bondo kwenye mashindano ya kwaya. Kwaya zilikuwa arobaini na moja. Waandishi wa magazeti mengine walisikiliza kumi na mbili, wakanong'onezana na mwamuzi mmoja, wakaenda kula. Mama Adero alibaki kwenye benchi mpaka kwaya ya mwisho, huku dereva wetu Enos akipiga honi nje ya ukumbi kama mtu aliyeshikwa na ugonjwa. Magazeti mengine yalitangaza mshindi asiye mshindi. Letu lilikuwa sahihi, ila lilichelewa kutoka kwa siku mbili. Enos mwenyewe alistaafu zamani, na akipita hapa kutusalimu bado anaisimulia safari hiyo kwa uchungu.

Kuna mengine ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Sheryl wa matangazo alipojifungua, Mama Adero alifanya kazi ya meza mbili kwa miezi mitatu bila kuombwa wala kuitaja. Nusu ya chumba hiki cha habari tulifundishwa naye kuandika aya inayosomeka. Mimi alinirudishia habari yangu ya kwanza mara tano, na mara ya tano nilikaribia kulia.

Mwaka 2019 kijana aliyekuwa akiandika uchambuzi wa michezo ya kompyuta na simu alihamia Nairobi. Hakuna aliyeitaka nafasi hiyo. Mama Adero ndiye pekee aliyekuwa amenunua simu mpya yenye nafasi ya kutosha, kwa hiyo tukampa, nusu kwa utani. Yeye hakuona utani wowote. Alisema tu, "Nipatieni charger na kiti yenye haiumi mgongo." Mchezo ambao wengine waliuandikia baada ya dakika ishirini, yeye aliuchukulia wiki tatu. Wasomaji walimpenda. Mimi nilikuwa naota ukurasa mtupu.

Ndipo mwaka huu akaja yule kiboko.

Aaliyah na Byron, vijana wawili wenye kachumba ka kazi kule Manyatta, waliacha ajira zao na kwa miaka miwili wakatengeneza mchezo uitwao Kiboko Bodaboda. Kiboko amechoka na ziwa, amevaa jaketi la kung'aa, anabeba abiria kutoka Kisumu hadi Muhoroni: mbuzi, bata mwenye kikapu, na korongo mmoja mwenye dharau. Ni upuuzi mtupu, na unachekesha kweli. Kampuni moja ya simu ilikuwa imeahidi kuujaribu tarehe 15 Juni. Ukifaulu, ungewekwa kwenye simu zake zote. Ukishindwa, vijana hao wangerudi kutafuta kazi, na walijua hakuna kampuni nyingine iliyokuwa ikibisha mlango.

Mwishoni mwa Aprili walitualika sisi wachambuzi wote kuuona. Walitupokea vizuri mno. Tulipewa samaki, ugali na soda, tukaketi mbele ya kompyuta yao, na Byron akasimama kando yetu na kidole kwenye kibodi. Kila kiboko alipoganda, Byron alibonyeza kitufe na kusema, "Hapo tunaruka kidogo." Tukaruka. Nani angeanza kuuliza maswali akiwa na samaki wa mwenyeji mdomoni? Tuliaga kwa kushikana mikono na kupiga picha. Mtangazaji mmoja wa redio aliuita mchezo wa karne. Mimi, kwa kuwa nilichoka kumsubiri mwenye ukurasa, nilijiandikia mwenyewe, nikatoa nyota tano kwa tano chini ya kichwa "Kiboko Wetu Aitikisa Dunia". Sikuwa nimegusa kibodi hata mara moja.

Mama Adero alikula samaki wake, akashukuru, akaomba nakala ya kwenda nayo nyumbani. Akapotea nayo siku ishirini na tatu. Kila asubuhi nilimuuliza uchambuzi uko wapi, na kila asubuhi nilipata jibu lilelile: "Griffins, sijafika Muhoroni." Nilimwambia hakuna msomaji anayejali Muhoroni. Aliniangalia kwa huruma, akaendelea kunywa chai.

Mwishowe aliniletea daftari. Alikuwa ameorodhesha makosa sitini na manne, kila moja na mahali lilipotokea. Kiboko akifika kwenye mzunguko anazama kwenye lami mpaka masikio. Mvua inanyesha ndani ya nyumba. Mbuzi akishushwa hashuki, anabaki angani akisema asante bila kikomo. Na kosa la sitini na nne: karibu na mashamba ya miwa, trekta linaziba barabara na haliondoki kamwe. Mchezo hauna mwisho. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuumaliza, wala asingeweza. Akatoa alama tatu kwa kumi.

Nilikataa kuuchapa. Nasema wazi hapa mbele ya wafanyakazi wote. Nilijiambia nawalinda watoto wetu, kwamba tukiwaangusha sisi wa nyumbani nani atawainua. Ukweli ni kwamba niliona aibu kwa nyota zangu tano. Niliufungia uchambuzi huo kwenye faili, zikiwa zimebaki wiki tatu kampuni ije.

Mama Adero hakubishana. Alichukua daftari lake na jioni hiyohiyo akatembea kwa miguu mpaka Manyatta. Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na Aaliyah. Byron alikasirika: "Mama, ni wewe peke yako unaona hizi makosa. Watu wote wamesema iko sawa." Mama akamjibu, "Nyathina, mwanangu, keti hapa ucheze. Lakini usiruke." Byron akaketi. Ilimchukua zaidi ya saa moja kufika kwenye trekta, na alipofika akabonyeza kila kitufe isipokuwa kile cha kuruka. Aaliyah alilia. Walikuwa wamelizoea kosa lao kiasi cha kulisahau, na sisi tuliokula samaki wao tukawasaidia kulisahau kabisa.

Kwa wiki tatu zilizofuata walirekebisha, naye kila alipotoka kazini alipita huko na kuanza mchezo upya kutoka hatua ya kwanza. Ndiyo, kurasa zake zilichelewa. Ndiyo, nilipiga kelele. Tarehe 15 Juni mtu wa kampuni alicheza siku nzima, akafika Muhoroni na abiria wake wote, na mchezo ukapita. Mama Adero akaandika uchambuzi mpya na safari hii niliuchapa neno kwa neno. Alitoa sita kwa kumi. Nilimsihi afikishe hata nane. "Yawa jamani, Griffins," akasema, "huyo mbuzi bado anashukuru sana."

Mchezo unazinduliwa Jumamosi hii. Juzi kadi ya mwaliko ililetwa ofisini, moja tu, nami nikaipokea na kuifungua nikitabasamu. Haikuwa yangu. Aaliyah alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Mama, wengine walitusifu. Wewe ulicheza." Nilimkabidhi kadi yake na kuomba radhi kwa kuifungua. Kwa lile faili nilikuwa sijamwomba radhi mpaka leo, kwa hiyo namwomba hapa, kwa maandishi, mahali ambapo siwezi kukana.

Kuanzia Jumatatu ukurasa wako ni wangu, Mama. Nimeanza kuucheza mchezo wa kiboko nyumbani, peke yangu, na ninaomba mnivumilie nikichelewa. Kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa kutuchelewesha miaka hii yote. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na siku za kustaafu zilizo tulivu. Usiwe na haraka nazo. Lakini haraka yenyewe hatujawahi kukuona nayo.