Jina Ambalo Zilpah Hakuliandika

Wasikilizaji wapendwa, Zilpah Navalayo ametuacha. Alifariki Jumamosi nyumbani kwake Matete, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule mama aliyepiga hodi huku ameshaingia, akauliza choo chako kiko wapi.

Miaka mitatu iliyopita watafiti walifika Matete. Walitaka kinyesi na damu ya watoto wadogo. Zilpah alitueleza hivi: minyoo ikiingia tumboni, mwili hutuma walinzi wapigane nayo. Walinzi wa mtoto mdogo bado wanajifunza kazi. Watoto wawili wanachezea udongo mmoja, huyu anajaa minyoo, yule hapana. Damu ingeonyesha kwa nini. Na atakayekutwa na minyoo angepewa dawa.

Tuliogopa, wasikilizaji. Sokoni walisema damu hiyo inauzwa. Wengine wakasema ni ya mashetani. Zilpah akapita nyumba kwa nyumba, akaandika watoto arobaini na wawili. Walioletwa ni tisa tu.

Jina moja hakuliandika kabisa. La Ashley, mjukuu wake, aliyekuwa na miaka minne wakati huo.

"Mama aliogopanga hiyo sindano kuliko sisi wote," anasema Muhonja, bintiye Zilpah, ambaye ndiye mama yake Ashley. "Aliniambia, huyu ni mdogo sana, wacha waanze na wa watu."

Wiki tano baadaye Ashley akaacha kula. Tumbo likawa gumu kama ubao. Kisha akatapika mnyoo, mrefu, mzima, ukijipinda sakafuni. Zilpah, aliyefundisha kijiji kizima habari za minyoo, alisimama pale asiweze hata kumwinua mtoto. Mtoto alimlilia bibi yake, "Kukhu, inatembea!"

Muhonja anakumbuka: "Nilimpigia mama kelele. Hiyo siku nilijua tu tunazika mtoto."

Madaktari mjini Kakamega walimpasua. Minyoo ilikuwa imeziba utumbo. Nashukuru Mungu, Ashley alipona.

Jumapili iliyofuata Zilpah alisimama kanisani, ameshika benchi. Akasema: "Wenu niliwaandika. Wangu nilimficha. Nilijua dawa iko, na nilimficha."

Wengine walimkasirikia, na walikuwa na haki. Lakini Jumatatu akina mama walipanga foleni kwa watafiti na watoto wao, na Zilpah akawashika mikono mmoja mmoja wakitolewa damu.

Muhonja, Ashley, na jamaa wote wa Matete, poleni sana. Tunalia nanyi. Zilpah Navalayo atazikwa Ijumaa.

Nasi tujiulize, wasikilizaji, ni nani tumemficha kwa sababu ya hofu zetu. Nianze mimi. Nina mtoto wa miaka mitatu. Mwaka mzima nimewahimiza nyinyi hapa redioni mpeleke wenu wakapimwe minyoo. Wangu hajapimwa. Naogopa hata sasa ninapoongea. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye kituo cha afya, nimembeba.