Waya Usiopata Moto

Ukishuka basi pale Same ukavuka barabara kuu upande wa milimani, utakuta benchi la mbao limeegemea ukuta wa karakana iliyoandikwa TUNASUKA MOTA AINA ZOTE. Benchi lile lina wenyewe. Karibu na mlango hukaa mwenye karakana, Elirehema, ambaye kwa miaka ishirini na mbili watu wamemwita Fundi Koili, maana pampu ya maji au mashine ya kukoboa mpunga ikiungua mota, kuanzia hapa hadi Ndungu, lazima ipite mikononi mwake. Katikati hukaa Muhidin, karani mstaafu, anayeitwa Redio kwa sababu akishawashwa hazimiki. Kule mwisho ni Samweli wa bodaboda, anaitwa Breki kwa kuwa pikipiki yake haina. Kahawa ni ya Abdulrahmani, ambaye hutua birika lake hapo kila asubuhi, tangawizi imekolea mpaka masikio yanawasha. Na ng'ambo ya barabara, hatua arobaini kamili, maana Fundi Koili ameshazihesabu, kuna kibanda cha bluu kisicho na jina, kimechorwa simu tu mlangoni. Hicho ni cha Sadock, fundi kijana aliyekuja mwaka juzi kutoka chuo cha ufundi Moshi. Tangu kifunguliwe, kahawa ya Abdulrahmani haijawahi kumshuka vizuri Fundi Koili.

Asubuhi hiyo alikuja Joseph, dereva wa fuso la mpunga kutoka Ndungu, ameshika kidude cheusi kinene kama kalamu mbili zilizofungwa pamoja.

— Shikamooni wazee. Namtafuta fundi mmoja anaitwa Sadock. Nimeambiwa hizi sigara za umeme anaziweza.

Mlango wa kibanda cha bluu ulikuwa wazi. Kichwa cha Sadock kilionekana humo ndani, kimeinamia kazi. Fundi Koili alikiona, na alikuwa ameshakiona tangu saa mbili.

— Sadock kaenda mnadani Hedaru, akajibu bila hata kukohoa. Kurudi kwake jioni. Lete hicho nikione.

Breki akameza kahawa ya moto pasipo kupuliza. Redio akaanza kufuta miwani yake kwa shati.

Joseph akakikabidhi kidude.

— Kawaya ka ndani kameungua, mzee. Vipuri vya kuchomeka vilivyo tayari, mpaka ufike Arusha. Mimi nilimwapia mke wangu Naeku kwamba sigara basi, na leo siku ya kumi na nane. Hiki ndicho kinanishikilia. Kimezima juzi, na jana usiku nimenunua pakiti. Iko hapa mfukoni, sijaifungua. Naenda kuziba pancha. Nikirudi kikiwa bado hakitoi moshi, mzee, sijifichi, naifungua.

Akaondoka kuelekea kwa waziba pancha, mkono mmoja ukiwa juu ya mfuko wa shati.

— Fundi, akasema Breki polepole. Hedaru?

— Wewe kunywa kahawa.

Fundi Koili akakifungua kidude kwa bisibisi ndogo. Ndani alikuta kipande cha pamba kilichoungua na, katikati yake, koili. Koili ya kweli, mizunguko sita au saba, ndogo kuliko punje ya mchele. Akacheka kwa raha.

— Hiki ndicho cha kumtafutia Sadock? Mimi nimesuka mota inayosukuma maji mpaka Mhezi. Hii hapa nitaisuka nimefumba macho.

Akaingia ndani akatoka na shaba mpya nyekundu, ile anayoiweka juu ya kabati kwa ajili ya wateja wa heshima. Akaunguza rangi yake, akaikwangua, akaizungusha kwenye msumari. Mizunguko kumi na miwili, imelala pamoja sawasawa, hakuna uliompanda mwenzake. Redio alivua miwani aione vizuri, kisha akaivaa tena aione vizuri zaidi.

— Hiyo ni sanaa, akasema.

— Aah, mkono tu, akasema Fundi Koili, huku akitupa jicho ng'ambo ya barabara.

Akaweka pamba mpya na maji yake ya kuvuta, yale ya dukani, kutoka kichupa alichoacha Joseph, akabonyeza kitufe. Taa ikapepesa mara tatu, ikazima. Akabonyeza tena. Ikapepesa mara tatu, ikazima.

— Kinakataa, akasema Breki.

— Betri yake ndogo.

— Shaba ina upole mno, akasema Redio, na hapo akawa amewashwa. Nyie hamjui. Kila waya na tabia yake. Huu wa mota umezoea maji na mpunga. Hata ukikubali, huyu dereva atavuta moshi wenye ladha ya pumba.

— Sasa tuweke upi, mzee?

— Wa jiko la umeme. Ule umezoea moto.

Kwa bahati Fundi Koili alikuwa na jiko bovu. Akakata kipande, waya mnene na mkaidi, akaung'ang'aniza mpaka ukapata mizunguko minne. Akabonyeza. Taa ikakubali. Wote wakainama. Breki akahesabu mpaka kumi na tano ndipo pamba ikatoa kimvuke chembamba, kisha taa ikawa nyekundu na kila kitu kikazima.

— Kimechoka kabla ya kuanza, akasema Breki.

— Kichomeke kwenye chaja hapo dirishani. Na usinionyeshe meno.

Wakati kidude kinachajiwa, Fundi Koili akawa anahesabu. Kila siku alihesabu, hata asipotaka. Ng'ambo ya barabara wameingia wanawake wawili. Ameingia mwalimu. Ameingia yule mwenye duka la mbegu ambaye zamani alikuwa hampelekei fundi mwingine hata tochi. Kisha akaingia mwanamke mwenye kitenge cha njano, na moyo wa Fundi Koili ukamdunda, kwa sababu kitenge kile alikinunua yeye. Ernesta, mkewe, alikaa mle dakika tano. Akatoka anacheka, simu sikioni, akampungia mumewe mkono kutoka kule kule na kushika njia ya sokoni.

— Shemeji simu imepona, akasema Breki.

— Nilishamwambia ningeitengeneza mimi.

— Ulimwambia lini?

Fundi Koili akageukia chaja. Ilikuwa mwezi wa tatu, na sasa ulikuwa wa tano. Kilichomchoma hakikuwa simu. Alimjua mkewe kwa miaka mingi na hakukumbuka mara ya mwisho alipoondoka kwenye karakana hii anacheka.

— Tujaribu waya wa uzio, akasema Breki kwa haraka, maana aliona uso wa mzee umebadilika. Nyuma ya stendi upo mwingi.

— Ule umepakwa zinki. Moshi wa zinki unamlaza mtu kitandani wiki nzima. Hilo nalijua vizuri, usinifundishe.

— Basi waya wa gitaa. Kwaya ya kanisani wana nyuzi za kumwaga.

— Akivuta ataanza kuimba sauti ya pili, akasema Redio. Nisikilizeni mimi. Wakubwa kule Ulaya wanatumia dhahabu.

— Mzee, acha.

— Dhahabu, nakwambia. Ndiyo maana hawakohoi. Na kuna wengine wanatumia waya wa spika. Huo ukivuta, unasikia taarifa ya habari tumboni. Nilimjua mtu Korogwe alikuwa anajua bei ya mkonge kabla ya kutangazwa.

— Kwa sigara?

— Kwa sigara. Alikufa tajiri.

— Mimi naona tatizo ni upande, akasema Breki, naye sasa amepata moto. Fundi kazungusha kulia. Kidude cha Kichina hiki, huenda kwao wanazungusha kushoto.

Fundi Koili, aliyesuka mota tangu Breki hajazaliwa, akachukua shaba na kuizungusha kushoto. Aibu aliijua wakati mikono yake inafanya, lakini mikono haikusimama. Mizunguko kumi na miwili tena, mizuri kuliko ya kwanza. Taa ikapepesa mara tatu, ikazima.

Ndipo Sadock akavuka barabara. Alikuja kama anavyokuja kila siku saa nne, na kikombe chake mkononi, kwa sababu Abdulrahmani havuki.

— Shikamoo mzee. Shikamoo Mzee Redio.

— Marahaba, akasema Redio.

Fundi Koili aliitikia kwa pua. Alitaka kukifunika kile kidude kwa kofia, ila kofia ilikuwa kichwani. Sadock akachuchumaa, akaitazama koili bila kuigusa.

— Huo mkono, mzee. Mimi hata nikifundishwa miaka mitano siwezi kulaza waya hivyo.

— Hakiwaki, akasema Breki, mdomo ukiwa umemtangulia.

Sadock akatazama ile shaba, akatazama waya wa jiko uliotupwa chini. Akauliza kwa adabu, kama mtu asiyejua:

— Samahani wazee, kwani huu waya mnataka upate moto au usipate?

Breki akamgeukia Fundi Koili.

Fundi Koili alikuwa na jibu, na lilimkaa kifuani kama tonge la makande makavu. Maisha yake yote yalikuwa waya usiopata moto. Mteja akija kuchukua mota, humwambia iache ifanye kazi kutwa nzima, kisha uweke kiganja juu yake. Ikiwa baridi, ni ya Elirehema. Shaba safi, isiyouzuia umeme, ndiyo heshima yake mjini. Na asubuhi nzima alikuwa anaisuka heshima hiyo ndani ya kitu ambacho kazi yake ni kuungua. Umeme ulikuwa unapita tu bila kugusana na kitu, kidude kinaogopa, kinajizima.

— Upate, akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

— Na betri ni ndogo, akasema Sadock. Mnene unamaliza betri kabla haujapata moto wenyewe. Unatakiwa mwembamba, na uwe mbishi kidogo kwa umeme. Mimi natumia wa drai bovu la saluni. Ninao pale.

Ndipo Joseph akarudi. Pancha imezibwa. Pakiti ilikuwa mkononi sasa, nailoni yake imeshaanza kuchanwa pembeni.

— Wazee, kimewaka?

— Bado kidogo, akasema Redio. Sadock hapa anasema...

Akajing'ata ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

— Sadock? Joseph akamtazama kijana. Si niliambiwa uko Hedaru?

— Hedaru? akasema Sadock. Nani kasema?

Abdulrahmani akajifanya anapanga vikombe. Breki alitazama tairi la pikipiki yake kama anayeliona leo. Uso wa Fundi Koili ulipata moto mpaka shingoni. Sadock akawatazama mmoja mmoja, akafika kwa Fundi Koili, macho yakatua hapo muda mfupi tu.

— Ah, kweli, akasema. Nilikuwa niende Hedaru leo. Nikaahirisha. Mzee hakujua.

Angemtukana ingekuwa afadhali. Fundi Koili alijua kutukanana. Angeinuka, angekumbushia miaka ishirini na mbili, wangetenganishwa, jioni angekuwa na cha kumsimulia Ernesta. Kwa hili hakuwa na silaha.

Sadock alivuka akarudi na waya mwembamba kama unywele na mita yake ya kupimia. Aliupitisha kwanza kwenye moto kuusafisha, akapima urefu, akakata. Kisha akaunyoosha kwa Fundi Koili.

— Zungusha wewe, mzee. Mikono yangu inatetemeka kwenye vitu hivi. Mizunguko saba inatosha.

Alikuwa mwongo. Fundi simu hatetemeki. Fundi Koili alichukua waya kwa sababu Joseph alikuwa anatazama, na pakiti ilikuwa bado imechanwa nusu. Akazungusha saba. Waya ulikuwa na ubishi wa ajabu, unataka kufunguka kila ukiuachia, na ilibidi aubembeleze kama mtoto anayenyolewa. Ulipolala, ulilala vizuri. Sadock akapima.

— Ubishi wake ni om moja na nusu. Hapo hapo, mzee.

Koili na pamba vikarudishwa ndani, Joseph akabonyeza. Hata kabla Breki hajahesabu mbili, mvuke mweupe ukatoka, mwingi, ukamfunika uso. Akavuta, akafumba macho, akakaa hivyo. Kisha akaitupa ile pakiti kwenye pipa la Abdulrahmani, akacheka, na macho yake yalikuwa na maji.

— Kumi na nane, akasema. Naeku hataamini. Sasa wazee, nikifika Ndungu watu wataniuliza. Niwaambie kimetengenezwa na nani?

Sadock, bila kusita, akanyoosha kidole kwa Fundi Koili.

Asubuhi nzima Fundi Koili alikuwa amelisubiri swali hili. Kwa ajili ya swali hili alikuwa amedanganya mbele ya watu wazima wenzake. Sasa wote walikuwa wamemgeukia, Redio na miwani yake, Breki, Abdulrahmani ameshika birika tupu, na jibu lilikuwa limewekwa mbele yake kama zawadi, na lilitolewa na mtu yule yule. Akamtazama Sadock akitafuta dharau kidogo tu, chembe ya kushikilia, aendelee kumchukia kwa haki. Hakuiona.

— Mzee? akasema Joseph.

Fundi Koili akainua kidole chake mwenyewe. Akakinyoosha kwa Sadock.